Mwaka mmoja na gazeti la kila siku: lilinifaa nini kwenye mtihani wa utumishi wa umma

Swali la pili kwenye karatasi ya insha lilitutaka tueleze jinsi vurugu za upande mmoja wa dunia zinavyopandisha gharama za maisha kwa watu wasiohusika nazo hata kidogo. Nililisoma mara moja tu. Jibu lake lilikuwa kwenye daftari langu, kurasa saba, kuanzia tarehe 19 Novemba 2023, siku Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, walipoiteka meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu. Sikuhitaji kukumbuka kitabu chochote. Nilihitaji kukumbuka mpangilio wa mambo jinsi nilivyouona ukijengeka, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye gazeti.

Ndiyo maana nimeona niandike tathmini hii. Kila anayejiandaa na mtihani wa kuingia utumishi wa umma huambiwa "soma magazeti", kisha anaachwa hapohapo. Haambiwi asome nini humo ndani, aache nini, atumie muda gani. Mimi nililipia usajili wa mwaka mzima wa gazeti moja la kila siku: miezi sita ya kwanza nilipokea toleo la karatasi, miezi sita iliyofuata nikahamia toleo la kidijitali la gazeti hilohilo. Kwa miezi minne kati ya hiyo nilijiunga pia na huduma ya muhtasari, ile inayokutumia kila asubuhi "habari muhimu kwa mtihani". Majina nayaacha, kwa kuwa ninachotaka kupima ni aina ya chombo, na vyombo vya aina hii vinafanana sana.

Nianze na kosa langu, maana lilinigharimu karibu miezi mitano. Nilikuwa nasoma kila kitu. Nilitumia muda wa saa tatu kila asubuhi, kuanzia kichwa cha habari cha kwanza hadi matangazo ya zabuni, kalamu nyekundu mkononi. Mwishoni mwa Machi 2024 nikafanya mtihani wa majaribio wenye maswali 40 ya matukio ya sasa. Nilipata 17. Iliniuma sana, nikarudi kwenye mafungu ya magazeti yaliyokuwa chini ya meza kutafuta kila swali nililokosa. Kati ya yale 23, habari za maswali 15 nilikuwa nimezisoma. Nyingine nilikuwa nimezipigia mstari.

Swali mojawapo lilihusu Sweden, iliyojiunga na muungano wa kijeshi wa NATO tarehe 7 Machi 2024 na kuwa mwanachama wa 32. Nilikumbuka vizuri picha ya bendera ikipandishwa. Lakini swali halikuuliza habari ya bendera. Liliuliza kwa nini maombi yaliyopelekwa Mei 2022 yalichukua karibu miaka miwili. Jibu ni kwamba mwanachama mpya huhitaji ridhaa ya kila mwanachama aliyemo, na Uturuki na Hungary zilichelewa kuitoa. Gazeti lilikuwa limelisema hilo, ukurasa wa ndani, aya ya mwisho, sentensi mbili. Mimi nilikuwa nimeipita aya hiyo nikikimbilia habari inayofuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachouzwa na kinachotafutwa. Gazeti huuza kilichotokea jana. Mtahini hutafuta utaratibu uliofanya kitokee: nani mwenye mamlaka, kwa sheria ipi, kura ngapi, tangu lini. Utaratibu huo gazeti linao, lakini haliuweki mbele, kwa sababu kwa msomaji wa kawaida si habari mpya. Umejificha kwenye aya za mwisho. Tangu siku hiyo nikaanza kuzisoma habari nyingi kutoka chini kwenda juu, na hadi leo sijaacha.

Kisha nikachagua nyuzi nane. Uzi ni habari moja unayoamua kuifuata kwa miezi, chochote kitakachotokea. Daftari nililigawa hivi: ukurasa wa kushoto tarehe na tukio, mstari mmoja tu, ukurasa wa kulia mizizi, yaani sheria, taasisi, ramani na takwimu, ambavyo mara nyingi nilivitafuta nje ya gazeti. Kushoto kunajazwa na mwandishi wa habari, kulia unajaza mwenyewe. Ukurasa wa kulia ukibaki mtupu wiki nzima, jua kwamba unasoma kama anayepitisha muda.

Uzi wa Bahari ya Shamu ndio ulionifundisha zaidi. Kushoto: Novemba meli inatekwa, Desemba kampuni kubwa za makontena zinasitisha kupita, tarehe 10 Januari 2024 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapitisha azimio namba 2722 la kulaani mashambulizi ya Wahouthi dhidi ya meli. Kulia ilinibidi nifungue ramani. Kumbe meli haifiki Mfereji wa Suez kutoka Asia bila kupenya kwanza mlango mwembamba wa Bab el-Mandeb, na takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia ilikuwa ikitegemea njia hiyo kabla ya mashambulizi. Meli isipopita hapo huzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya kutoka Asia hadi Ulaya huongezeka kwa siku kumi hivi au zaidi. Siku hizo zinalipiwa mafuta na mishahara ya mabaharia. Bima ya vita inapanda kwa anayethubutu kupita. Na lipo jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo: makontena yakikaa baharini muda mrefu zaidi, yanarudi bandarini yakiwa yamechelewa, hivyo hata njia zisizokaribia Yemen zinakosa makontena matupu na nauli zake zinapanda. Hicho ndicho kiini cha insha yangu. Kando yake nilikuwa nimeandika pia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 na haki ya meli kupita kwenye milango ya bahari inayotumiwa na usafiri wa kimataifa, pamoja na kumbukumbu ya Machi 2021, meli ya Ever Given ilipoziba Suez kwa siku sita. Insha ikawa na jiografia, uchumi, sheria na historia kwa pamoja, na vyote vilitoka kwenye uzi mmoja.

Sasa kurasa zenyewe. Ukurasa wa mbele ndio ulionifaa kidogo kuliko yote. Umejaa matamko: fulani aonya, fulani ajibu. Nilifikia kuusoma kwa dakika tano. Ukurasa wa biashara na uchumi ndio niliokuwa nikiuogopa, na ndio ulionipa alama nyingi, maana maneno yake hujirudia. Ukishayaelewa mara moja unayaelewa mwaka mzima. Habari za bunge na mahakama zisomwe kwa utulivu, hasa pale mwandishi anapotaja kifungu cha sheria. Tahariri nilizisoma mara tatu kwa wiki, nikiandika hoja kuu kwa sentensi moja na hoja ya kuipinga kwa sentensi nyingine. Zoezi hilo linanoa mkono wa insha kuliko kusoma insha za mfano. Barua za wasomaji sikuwa nazijali mpaka mwenzangu niliyekuwa nikisoma naye aliponionyesha kwamba humo ndimo utakapokuta jambo ambalo tahariri imelikwepa. Alisema kweli. Michezo nilisoma tu nani mwenyeji wa mashindano makubwa na lini, basi.

Kuna dosari ya gazeti ambayo mtahiniwa lazima ajilinde nayo, nayo ni lugha ya takwimu. Gazeti langu liliandika zaidi ya mara moja kwamba bei zimeshuka, wakati taarifa yenyewe ilisema mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda, umeshuka. Hayo ni mambo mawili. Chukua bidhaa ya 100. Mfumuko ukiwa asilimia 8 inakuwa 108. Mwaka unaofuata mfumuko ukishuka hadi asilimia 5, bidhaa ileile inafika 113.4. Mfumuko umeshuka, bei imepanda. Watahini wanalipenda swali hili, kwa sababu wanajua magazeti yanawafundisha watu vibaya. Ndivyo ilivyo pia kwa riba: benki kuu ikiipandisha kutoka asilimia 5 hadi 6, imeongezeka kwa pointi moja ya asilimia, lakini kwa uwiano imeongezeka kwa asilimia 20. Mwandishi mwenye haraka huandika "imepanda kwa asilimia moja". Nilijiwekea sharti kwamba kila nikikuta takwimu ya uchumi ninaiandika upya kwa maneno yangu, na nikishindwa kuiandika upya najua sijaielewa.

Dosari nyingine ni kufupisha majina ya taasisi. Mwaka 2024 "mahakama ya The Hague" ilitajwa karibu kila wiki, na mara nyingi sana msomaji hakuambiwa ni ipi. Mji ule una Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo ni chombo cha Umoja wa Mataifa, yenye majaji 15, na husikiliza kesi baina ya nchi na nchi. Una pia Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoundwa na Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 na kuanza mwaka 2002, yenye majaji 18, ambayo hushtaki mtu binafsi na si idara ya Umoja wa Mataifa. Afrika Kusini iliposhtaki Israel Desemba 2023, ilikwenda kwa ile ya kwanza, na amri ya awali ikatoka tarehe 26 Januari 2024. Mei 2024 mwendesha mashtaka alipoomba hati za kukamata watu, alikuwa kwenye ile ya pili. Gazeti langu lilizichanganya kwenye kichwa cha habari, kisha kesho yake likasahihisha kwa mistari miwili chini kabisa ya ukurasa wa pili. Aliyesoma toleo la kwanza peke yake aliingia kwenye chumba cha mtihani na kosa hilo kichwani. Tangu hapo sehemu ya masahihisho nikawa naisoma kila siku, na ninakusihi nawe uisome.

Na miswada. Siku bunge linapopiga kura, gazeti huandika "sheria mpya yapitishwa". Katika nchi nyingi muswada hauwi sheria mpaka mkuu wa nchi autie saini, na hata baada ya saini huenda ikangojwa tarehe ya kuanza kutumika. Andika tarehe zote tatu kwenye uzi wako.

Huduma ya muhtasari naieleza bila kuzunguka: sikuridhika nayo. Ilikuwa inatuma hoja 12 kila asubuhi, kila hoja mistari miwili. Kwa miezi minne nikawa na zaidi ya hoja 1,400 kwenye simu, na sikuweza kueleza hata 50 kwa mdomo. Unapata jina, tarehe na idadi, bila kujua kwa nini vimekuwa habari. Ni kama kupewa majibu bila maswali. Nilivunjika moyo kabisa Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Muhtasari uliandika kuwa ni mara ya kwanza kwa ugonjwa huo. Si kweli. Ilishatangazwa Julai 2022, ikaondolewa Mei 2023, na tangazo la tarehe 14 Agosti 2024 lilikuwa la pili. Gazeti langu lililisema hilo vizuri, na likaeleza kwamba safari hii wasiwasi ulitokana na aina nyingine ya kirusi iliyokuwa ikienea kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenda nchi jirani. Niliwaandikia wahusika wa muhtasari kuwajulisha. Hawakujibu, na hoja ile haikurekebishwa. Kuna watu wanalala na kuamka na karatasi zile wakiamini zimehakikiwa. Mtu huyo anaweza kukosa kazi kwa alama moja. Miezi minne ilipoisha sikuendelea nayo.

Nitakuwa mkweli pia kwamba muhtasari una kazi yake, ndogo. Ukiwa umesafiri au umeugua siku tatu, unakuonyesha ulichokosa ili ukakitafute. Mwisho wake ni hapo.

Kati ya karatasi na kidijitali nimebadilika mawazo. Nilipoanza niliamini karatasi ni bora, na kwa mwanzo ninaamini hivyo bado. Karatasi inakuonyesha uzito wa habari: ukubwa wa kichwa, nafasi yake, imewekwa jirani na nini. Inakwisha pia, ukifika ukurasa wa mwisho umemaliza, na akili inapumzika. Lakini kufuata uzi kwenye karatasi ni kazi ngumu. Nilipoamua kuurudisha uzi wa Bahari ya Shamu hadi mwanzo wake, nilitumia siku mbili nzima nimekaa sakafuni nikipekua mafungu. Kwenye kidijitali ningeandika neno moja na kupata habari zote kwa tarehe. Toleo la kidijitali nililolipia lilikuwa na sura mbili: nakala ya kurasa kama zilivyochapwa, na tovuti yenye habari zinazobadilishwa mchana kutwa. Tumia nakala ya kurasa kusoma, tumia tovuti kutafuta. Ukianza kusoma kwenye tovuti hutamaliza, maana kila habari inakupeleka kwenye nyingine, na saa mbili zinapita ukiwa umesoma habari moja kwa matoleo manne.

Muda uliotosha ni saa moja na robo: dakika 50 za kusoma, 25 za daftari. Jumapili sikusoma gazeti kabisa, nilipitia nyuzi zote nane na kujiuliza swali moja kwa kila uzi. Zaidi ya hapo unaiba muda wa mambo ambayo gazeti haliwezi kukupa: katiba ya nchi yako kifungu kwa kifungu, hesabu, mantiki, uandishi wa barua na taarifa za kiofisi. Nimewaona watu wazuri wakianguka kwenye karatasi ya hesabu huku wakizijua habari zote za dunia.

Usaili ulikuwa mwishoni mwa Novemba 2024, siku chache baada ya mkutano wa tabianchi wa Baku kumalizika. Jopo lilikuwa la watu wanne. Mama aliyekaa katikati aliniuliza, "Mwanangu, asubuhi ya leo umesoma nini?" Nikamwambia nimesoma makala juu ya makubaliano ya Baku, kwamba nchi tajiri ziongoze kupatikana kwa dola bilioni 300 kwa mwaka za kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko ya tabianchi ifikapo 2035, badala ya ahadi ya zamani ya bilioni 100. Akaniuliza, "Ungekuwa mshauri wa ujumbe wa nchi inayoendelea, ungewashauri wakubali au wakatae?" Nilikuwa na pande zote mbili: tahariri ilisema wakubali kwa kuwa mkutano unaofuata huenda usiwape hata hizo, barua ya msomaji mmoja ilisema ahadi ya bilioni 100 ilitolewa mwaka 2009 ifikiwe 2020, ikafikiwa 2022, kwa hiyo ahadi isiyo na ratiba ya malipo ya kila mwaka ni karatasi tu. Nikashauri wakubali kwa sharti la ratiba hiyo, nikaeleza kwa nini. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akampa nafasi mwenzake.

Nilipita. Usajili wangu ulikuwa umeisha mwezi mmoja kabla ya usaili huo, na niliulipia tena siku hiyohiyo ulipoisha, toleo la kidijitali peke yake. Nyuzi sita kati ya nane nimezifunga. Ule wa Bahari ya Shamu bado una kurasa tupu upande wa kushoto, na kila asubuhi naanza nao.